Ushanga Kwenye Kabati la Joto

"Hivi Inspekta, sheria zenu zina kifungu cha mtu aliyekuharibia kitu bila kukigusa?"

Swali hilo Inspekta Robiya Tursunova aliwahi kuulizwa na jirani yake, mama mmoja aliyefiwa na ndama siku moja tu baada ya mgeni kumsifu ndama yule bila kusema mashallah. Robiya alikuwa juu ya paa anaanika aprikoti. Alicheka, akamjibu, "Sheria haina, jirani. Sheria inataka ione mkono." Akaendelea kuanika aprikoti zake.

Swali lile lilimrudia asubuhi ya Ijumaa, pamba ikiwa imeanza kupasuka mashambani, akiwa amesimama mbele ya ukuta wa kioo katika taasisi ya utafiti ya Yangisoy. Nyuma ya kioo kulikuwa na chumba kidogo cheupe, meza, kabati la joto jipya na friji iliyotiwa lakiri wiki iliyopita na ofisi yake, ofisi ya karantini ya mimea. Ndani ya friji mlikuwa na vichupa vya bakteria kutoka ng'ambo. Bakteria huyo ana tabia moja: huingia kwenye jeraha la mmea, akaacha humo kipande cha mwili wake, na mmea ukavimba kama jipu. Watafiti wanamtaka kwa tabia hiyohiyo, maana ukimpa jeni unayoitaka ataibeba na kuipandikiza kwenye pamba. Lakini akiponyoka mikononi mwa mzembe ni ugonjwa wa mizabibu na miti ya matunda. Ndiyo maana haletwi bila kibali, halazwi nje ya chumba kilichokaguliwa, na mwenye kibali ni mtu mmoja mwenye jina na saini.

Mwenye kibali hapa alikuwa Daktari Mahliyo Ortikova.

Mwezi uliotangulia Robiya alikuja kukagua kama kawaida. Alikwangua mashina ya nyanya kwa sindano iliyochovywa kwenye vichupa vile. Mashina yalipaswa kuvimba. Aliporudi wiki iliyopita kuyatazama, hayakuwa yamevimba. Mikwaruzo ilipona kama mkono wa mtoto aliyechanjwa. Maana yake, kilichomo ndani ya vichupa hakikuwa kile alichokipokea yeye mwenyewe uwanja wa ndege. Aliondoka na kichupa kimoja kwenda nacho kwenye maabara ya mjini, na huku nyuma Mahliyo akaandikia polisi kwamba bakteria wake ameibwa na kubadilishwa, na mwizi ni Daktari Barchinoy Saidova, mtu wa chumba cha pili, mwenye ufunguo wa akiba.

Leo Kapteni Elmurod wa polisi alikuwa amekuja na hati ya kumkamata Barchinoy. Alikubali kungoja mpaka sala ya Ijumaa iishe. Baada ya hapo angempakia kwenye gari mbele ya wafanyakazi wote.

"Njoo ujionee mwenyewe, Inspekta," alisema Profesa Olimov, mkurugenzi, mzee mwenye tumbo la heshima na kofia ya nakshi iliyosogezwa kisogoni. Aliwaongoza nje hadi kwenye mti wa mwaridi. "Huu uko chini ya dirisha la nani? La Barchinoy. Na hiyo nundu shinani ni ya nini? Hata mimi mwenye macho mabovu naiona."

Kapteni, kijana wa masharubu mapya, aliinama akaipiga picha kwa simu. "Ushahidi umejiotea wenyewe, mama," alimwambia Robiya kwa furaha.

Robiya alichuchumaa, akatoa kisu mkobani, akasema bismillahi na kuipasua nundu ile. Ndani ilikuwa ngumu kama jozi, ya hudhurungi, kavu. Sisimizi wakamwagika.

"Kapteni, humu ndani kuna watu wamejenga, wameoa na wameozesha," alisema akiufuta ukingo wa kisu. "Mgeni wetu aliingia nchini wakati wa aprikoti. Nundu hii imepitia baridi za miaka mingi. Huyu ni ndugu yake wa hapahapa, wa kwenye udongo wenu."

"Kwa hiyo si ushahidi?"

"Ni ushahidi kwamba mtunza bustani wenu hapogoi."

Olimov alikohoa, akasema waingie ndani, jua ni kali.

Mahliyo alimpokea Robiya ndani ya chumba cha kioo. Alikuwa mwembamba, kitambaa cha hariri kimefungwa kwa nyuma, macho mekundu. Watu wa taasisi walikuwa wanapita nje ya kioo, na kila anayepita alipunguza mwendo na kuchungulia. Kila alipopita mtu, Mahliyo alisogea akasimama mbele ya friji.

"Vichupa viliwahi kutoka humu?" Robiya aliuliza.

"Kamwe, dada. Hata dakika."

"Nani anaingia?"

"Mimi. Na mwenye ufunguo wa pili."

"Mtaje."

"Unamjua. Kila mtu anamjua." Mahliyo alishusha sauti. "Siku mtoto wangu, huyu bakteria, alipoota vizuri kwenye sahani yake, wote walijaa hapo nje. Wote walisema mashallah, mpaka dereva. Yeye akasema, 'Ameota vizuri kweli,' akanyamaza. Kesho yake sahani nzima ukungu mweusi."

"Ukungu unaletwa na upepo, Daktari."

"Na upepo unaletwa na nini?"

Robiya alikuwa anatazama kabati la joto jipya. Lilikuwa limezimwa. Waya wake ulikuwa umekunjwa na kufungwa kwa uzi mweupe wa pamba, fundo juu ya fundo juu ya fundo, na mafundo yenyewe yameshika vumbi.

"Baada ya ukungu ulifanyaje?"

"Nikamwotesha upya kutoka kwenye akiba."

"Wapi?"

"Humuhumu," alisema Mahliyo, neno likimtoka kabla swali halijaisha. "Dada Robiya, Mungu hakunijalia mtoto mwingine. Huyu nimemhangaikia kuliko watu wanavyohangaikia wa kuzaa. Yule mwanamke ana nyumba imejaa watoto, na bado jicho lake lilikuwa kwa huyu mmoja wangu."

Robiya alitikisa kichwa taratibu, akatoka pamoja naye, akaufunga mlango na kuutia ufunguo wa Mahliyo mkobani.

Barchinoy alikuwa chumbani kwake anabangua mbegu za alizeti. Mnene, jino moja la dhahabu, koti jeupe halifungi kifuani. Hakusimama, lakini aliweka mkono kifuani kwa salamu na kumsogezea mgeni kiti chenye mto.

"Umekuja kunifunga kabla ya chakula au baada yake, dada? Maana leo Ijumaa, kuna pilau, na mama mdogo Hosiyat wa chumba cha chai ametia matunda ya behi. Ningeomba niliwe na jela nikiwa nimeshiba."

"Mwenye kufunga ni kapteni. Mimi nauliza tu. Unamwonea wivu Mahliyo?"

"Namwonea. Andika. Ombi la kwanza la bakteria huyo nililiandika mimi. Yeye ndiye aliyeninong'oneza, 'Barchin, ngoja mwaka mwingine, mwaka huu fedha hakuna.' Tulikuwa tunakula sahani moja, nikamsikiliza. Mwaka mwingine ukaja, kibali kina jina lake. Ungekuwa wewe ungecheka?"

"Nisingecheka."

"Basi." Aliipasua mbegu kwa jino la dhahabu. "Kila mtu na alichojaliwa. Mimi Mungu kanipa watoto wanaolia usiku kucha, yeye kampa mmoja asiyeonekana bila hadubini."

Robiya aliinua kalamu. "Hilo sitaliandika."

"Liandike!"

"Utalijutia, kwa hiyo sitaliandika. Uliingia chumbani kwake?"

"Kwa ufunguo upi?" Barchinoy alinyanyuka, akaenda ukutani na kutungua bahasha iliyoning'inia kwenye msumari. "Huu? Tazama mwenyewe."

Robiya aliigeuza bahasha ile mwangani. Ufunguo ulisikika ndani. Lakiri nyekundu ilikuwa nzima, na muhuri juu yake ulikuwa wa ofisi yake, alioupiga kwa mkono wake mwenyewe siku chumba kilipokaguliwa. Kingo za gundi hazikuwa na mkunjo wala alama ya mvuke.

"Hukuufungua hata siku moja."

"Sikutaka hata kuushika. Nikigusa kitu chake ataniambia nimekiunguza."

"Sasa nani amemharibu?"

"Mimi mtafiti wa pamba, dada. Upelelezi ni wako." Barchinoy aliufagia mezani mrundo wa maganda kwa kiganja. "Ila mtoto akifichwa kupita kiasi, hata hewa hapati."

"Umesema akifichwa?"

"Nimesema tu. Midomo ya Ijumaa hii."

Robiya alimtazama kidogo zaidi ya ilivyo adabu. Barchinoy aliangalia dirishani.

Simu ya maabara ya mjini ilimkuta Robiya kwenye korido, amekaa kwenye benchi anahesabu tasbihi. Kapteni alikuwa kando yake, anatazama saa kila wakati.

"Kichupa chako tumekichunguza," alisema mtu wa maabara. "Ni yuleyule uliyempokea. Hakubadilishwa. Ila pete yake haimo."

"Pete gani?"

"Kile kipande kinachovimbisha mmea. Kiko mviringo kama pete, na anakivaa tu, hakijashikamana na mwili wake. Ameivua."

"Anaivuaje?"

"Kwa joto. Yeye anapenda ishirini na nane, joto la masika. Ukimlaza kwenye joto la mwili wa mtu, siku zikipita pete inapotea. Anabaki hai, anaota, ukimtazama ni yeye. Lakini hawezi kazi tena."

Robiya alisema alhamdulillah, akakata simu. Hakuna kilichoponyoka. Mizabibu ya watu ilikuwa salama.

"Kwa hiyo hakuibwa," alisema kapteni.

"Hakuibwa."

"Lakini kuna aliyempika."

"Kuna aliyemlaza mahali pa joto."

Kapteni aliipapasa hati mfukoni. "Basi kwa mtu wangu ndiyo mbaya zaidi, mama. Wizi ni kitu kimoja. Kuharibu utafiti wa taifa kwa makusudi, hapo miaka inaongezeka. Na mwenye chuki hapa anajulikana, amekiri mwenyewe. Nabadilisha kosa tu, jina linabaki lilelile."

"Kabati la joto la chumba cha kioo halijawashwa tangu zamani," alisema Robiya. "Mafundo ya waya yana vumbi. Mahliyo ameniambia alimwotesha mlemle. Sasa alimwotesha wapi? Nipe muda wa kunywa chai."

Chumba cha chai kilikuwa mwisho wa korido, nusu kikiwa stoo. Mama mdogo Hosiyat, mpishi wa chai na mfagiaji, alifurahi kuona mgeni. Aliimimina chai kwenye piyola, kibakuli cha kunywea chai, na kuirudisha kwenye birika mara tatu, kisha akampa Robiya kidogo tu chini ya nusu, kwa heshima, ili apate kumwongezea tena na tena. Akaweka mkate na bakuli la mtindi. Kijiko kilisimama chenyewe ndani ya mtindi ule.

"Mashallah, mama mdogo. Huu unakatwa kwa kisu. Unaulaza wapi?"

Hosiyat alielekeza kidevu kwenye pazia. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja. "Usiniandike, mwanangu."

Nyuma ya pazia lilisimama kabati la chuma la enzi za Warusi, rangi imebambuka, likiguruma kama paka. "Zamani walilazia madudu yao humu. Walipoletewa mapya wakalisukuma huku. Dude linawaka, mimi nina maziwa. Nifanyeje?"

"Unaweka joto gani?"

"Sigusi kitu. Dude lenyewe linajua."

Robiya aliinama. Mshale wa joto ulielekea ishirini na nane. Alifungua mlango, akaingiza mkono. Ndani palikuwa kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Alikuwa amelaza mtindi maisha yake yote, tangu kwa mama yake mpaka nyumbani kwa marehemu mume wake. Kwa joto la masika maziwa hushinda na kulala, na bado ni maji. Ili kijiko kisimame unahitaji joto la mwili, lile linaloonjwa kwa kifundo cha mkono. Alitoa kipimajoto mkobani na kukilaza rafuni. Walikunywa chai. Alipokitoa, kilikuwa kimepita thelathini na saba.

"Mshale unadanganya," alisema.

"Siku zote," alisema Hosiyat. "Wazee wote wa hapa wanajua. Nani anauangalia?"

Robiya alirudisha kichwa ndani ya kabati. Nyuma ya harufu ya maziwa kulikuwa na harufu nyingine, chungu na ya moshi. Isirik. Majani yanayofukizwa kwenye nyumba yenye kichanga ili jicho baya lisiingie. Alipapasa nyuma ya rafu ya chini, vidole vikakutana na uzi. Alivuta. Ukatoka ushanga mmoja mweusi wenye madoa meupe, kama ule wanaomfunga mtoto mkononi anapozaliwa, umefungwa kwa uzi mweupe wa pamba, fundo juu ya fundo juu ya fundo.

"Ya Rabbi!" Hosiyat alirudi nyuma. "Huo si wangu. Mimi nilishamaliza kuzaa."

"Mama mdogo, kuna wakati ulikuwa hulazi mtindi humu?"

"Eh, wakati wa aprikoti. Niliambiwa dude lina hitilafu ya umeme, litaniua. Nikawa nabeba ndoo mpaka nyumbani, mkwe wangu ananipigia kelele kila siku. Baadaye nikaambiwa, haya, umeme umepona, lakini lisugue kwanza kwa maji ya moto na spiriti kabla hujaweka maziwa. Nikalisugua mpaka kucha zikaumia."

"Nani alikuambia?"

"Dada Barchinoy. Yule ana mdomo, lakini ana huruma."

Kapteni, aliyekuwa mlangoni na kipande cha mkate, alipiga kiganja chake kwa ngumi. "Basi! Yeye ndiye aliyekuwa analitumia. Alimwiba, akamficha humu, akampika, akamrudisha."

"Kwa ufunguo ulio ndani ya lakiri yangu?" alisema Robiya. "Waite wote ofisini kwa mkurugenzi. Na wewe mama mdogo, tuletee chai huko."

Profesa Olimov aliwakalisha kuzunguka meza ndefu. Mahliyo upande mmoja, Barchinoy upande wa pili, bahasha yake mkononi. Mkurugenzi alimimina chai mwenyewe na kuijaza piyola ya Robiya mpaka ukingoni, kama mtu anayemwambia mgeni sasa aage. Robiya aliiona, akaiacha ilivyo. Aliuweka ushanga juu ya kitambaa cha meza, karibu na mkate.

"Huu umetoka kwenye kabati la joto la zamani, stoo ya chai. Ni wa nani?"

"Mwenye watoto hapa ni Barchinoy," alisema Olimov haraka.

"Watoto wangu wanavaa wa sokoni, wa mpira," alisema Barchinoy. "Na mdogo wao anaingia darasa la kwanza. Nimfungie ushanga nani, profesa, mume wangu?"

Kapteni alicheka, kisha akajikumbuka.

"Nilijiuliza," alisema Robiya, "nani anafukiza isirik? Mwenye jicho hafukizi. Anayefukiza ni yule anayeogopa jicho. Humu ndani mmoja amekiri wivu mbele yangu bila kuulizwa mara mbili. Nikamtafuta yule anayeogopa." Akamgeukia Mahliyo. "Kabati la chumbani kwako, waya wake umefungwa kwa uzi huu, kwa mafundo haya. Mafundo haya nani alikufundisha?"

Mahliyo alikuwa ameufunika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia. Alipoufunua, chini ya mkono wa koti kulikuwa na uzi mweupe na ushanga mweusi wenye madoa meupe.

"Mama mkwe wangu," alisema. "Alifunga shanga mbili. Mmoja wangu, mmoja wa mtoto."

"Sema yote, mwanangu," alisema Robiya.

"Aliniambia mtoto anayetazamwa na kila mpita njia hakui. Na kioo kile, dada! Wameweka kioo ili ninyi mkague, lakini wanaokagua ni taasisi nzima. Baada ya ukungu nikaona nitampoteza. Nikamtoa chini ya koti. Nikamlaza stoo, pale hapiti mtu wa maana, nikamfukizia, nikamfungia ushanga. Nilitaka arobaini yake iishe tu, apate nguvu, nimrudishe. Mshale niliuweka ishirini na nane kwa mkono wangu!"

"Kipimajoto?"

"Ningekuwa nafungua mlango kila mara. Wangeniona." Alimnyooshea Barchinoy kidole. "Aliporudi hana nguvu, ningemfikiria nani mwingine? Wallahi niliamini ni yeye. Bado naamini ni jicho lake."

"Nilikuambia ataniambia nimemuunguza," Barchinoy alimwambia Robiya. Lakini hakucheka.

Kapteni aliikunja hati mara nne, akaitia mfuko wa ndani. "Daktari Saidova, nakuomba radhi," alisema.

Robiya alisimama. "Daktari Mahliyo, bakteria wa karantini ametolewa kwenye chumba chake, amelazwa palipolazwa chakula cha watu, na mimi nimedanganywa. Kibali chako nakifuta leo. Vichupa vyote vitachemshwa na kuchomwa mbele yangu kabla sijaondoka."

Mahliyo aliinamisha kichwa mezani. Kiwiko chake kiliusukuma mkate, ukapinduka uso chini, jambo ambalo kwao ni mwiko, na hakuna aliyeuona.

Olimov alijifuta jasho. Alikuwa ameshafika kwenye jambo lililofuata. "Inspekta, taasisi isipoteze msimu. Bakteria anaweza kuagizwa upya. Chumba kipo, kioo kipo. Kibali kiandikwe kwa Barchinoy. Ombi la kwanza lilikuwa lake, mimi mwenyewe ni shahidi."

"Ulikuwa shahidi wapi mwaka ule?" Barchinoy alinong'ona. Lakini alikuwa amenyooka kitini, amejaribu kulifunga koti kifuani, na uso wake ulikuwa wa msichana aliyeitwa jina lake kupewa zawadi.

"Anafaa," alisema Robiya. "Namuuliza swali moja ambalo namuuliza kila mwombaji. Kibali kina sharti: anayejua bakteria ametoka chumbani atasema siku hiyohiyo, hata kama si wake. Daktari Barchinoy, wakati wa aprikoti, kwa nini ulimkataza mama mdogo Hosiyat kulaza mtindi?"

Mlangoni birika liligonga fremu. Hosiyat alikuwa amesimama na chai mpya.

"Umeme, mwanangu," alisema kwa upesi. "Waambie ni umeme."

Barchinoy alimtazama Hosiyat.

Mahliyo aliinua uso taratibu. "Ulijua yumo mle?"

Barchinoy aliiminya bahasha, Mahliyo asimwondolee macho.

"Ulijua lile dude linadanganya?"

"Nimelitumia kabla yako," alisema Barchinoy. "Nilikuona unapita na koti limevimba, na harufu ya isirik nyuma yako korido nzima. Nikaingia nikatazama."

"Ulimgusa?"

"Sikumgusa. Nilifunga mlango, nikamwambia mama mdogo apeleke maziwa yake nyumbani."

"Neno moja, Barchin. 'Linadanganya.' Hilo tu. Tumekula sahani moja tangu chuo."

"Na mimi uliniambia nini mwaka ule? 'Ngoja.' Nikangoja. Kila siku nilikuwa napita pale stoo. Kila siku nasema kesho nitamwambia. Halafu nakuona nyuma ya kioo chako unajipanga mbele ya friji nisione."

Kapteni aliipapasa tena hati mfukoni. "Mama, hapo kuna kosa la kumkamata?"

"Hakuna," alisema Robiya. "Hakugusa kitu."

"Basi tunaendelea," alisema Olimov. "Aseme hakujua, iandikwe hakujua, yaishe. Barchinoy, jibu! Inspekta ana kazi nyingine."

Robiya alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi tupu. "Nitaandika utakachosema," alimwambia Barchinoy kwa upole. "Kwamba watu wasidhurike, hilo ulilikumbuka. Mtindi wao uliuokoa. Sasa nijibu mimi: ulijua, au hukujua?"

Chai kwenye piyola ya Robiya, iliyojaa mpaka ukingoni, ilikuwa imepoa bila kuguswa. Hosiyat alikuwa anatikisa kichwa mlangoni, hapana, hapana, machozi yanamdondokea kwenye birika. Kutoka msikitini upande wa pili wa shamba, adhana ya Ijumaa ilianza.

Barchinoy alinyanyuka. Aliiweka bahasha ya ufunguo mezani, lakiri ikiwa nzima, kando ya ushanga. Alinyoosha mkono mbele ya Mahliyo, akaugeuza mkate uliolala kifudifudi, uso ukatazama juu. Akalivua koti jeupe, akalitundika mgongoni mwa kiti, akampisha Hosiyat mlangoni, akatoka.